Chanda, Pete na Dhahabu Isiyotajwa

Katika methali ambazo watoto wa Kiswahili hufundishwa kwa moyo, ni chache zitajwazo mara nyingi kama hii: Chanda chema huvikwa pete. Hufasiriwa upesi, tena kwa namna moja tu: mtu mwema hulipwa kwa wema wake. Mwalimu akiisha kusema hivyo huendelea na methali nyingine, na mtoto hubaki akiona moyoni mwake kidole kizuri, na katika kidole hicho pete ya dhahabu, na juu ya dhahabu kito chekundu king'aacho. Makusudi ya maneno haya ni kuipima fasiri hiyo, kwanza kwa lugha, kisha kwa desturi, mwisho kwa vitu vyenyewe vilivyotoka katika ardhi ya pwani yetu. Na mahali petu pa kupimia ni Makunduchi, kusini ya Unguja, kwa kuwa watu wa huko wamehifadhi mambo ya wazee wao kuliko wengi, na kwa kuwa pete za kale zingali zikitoka katika masanduku ya bibi zao na kwenda mjini zisirudi.

Tuanze na maneno. Methali ina maneno manne tu. Chanda ni kidole. Mjini Unguja watu husema kidole, na chanda limebaki kuwa neno la washairi, na la methali, na la watu wa kaskazini kama Lamu. Pete nalo si neno la kuazima. Limo katika lugha nyingi za bara zilizo ndugu za Kiswahili: Waganda husema empeta, na wasemao Kilingala kando ya mto Kongo husema lopete. Neno lililoenea hivyo toka ziwa hata mto ulio upande wa pili wa Afrika, halikuletwa na jahazi. Chema na huvikwa ni ya asili ile ile.

Sasa tuyatazame maneno yasiyomo katika methali. Dhahabu ni neno la Kiarabu. Yakuti, zumaridi, akiki, almasi, lulu na johari yametufikia kwa Waarabu. Feruzi ni la Kiajemi. Hata fundi mwenyewe, sonara, jina lake limetoka Bara Hindi. Basi pete ni mwenyeji katika lugha yetu, na dhahabu na vito ni wageni waliokuja wakamkuta ameketi. Sisemi kwamba aliyeitunga methali hakupata kuona dhahabu. Huenda aliiona kila siku. Nasema kwamba hakuitaja. Alipotaka kusema neno lake alichukua maneno ya nyumbani, akanena pete, akanyamaza. Dhahabu tumeitia sisi wafasiri, na kito tumekitia juu yake.

Lakini neno lililo zito kuliko yote ni huvikwa. Katika vaa hupatikana vika, na katika vika hupatikana vikwa. Chanda hakivai pete, chavikwa. Yupo mtu mwingine asiyetajwa jina, mwenye mkono wake, naye ndiye afanyaye kazi yote ya methali hii. Tena kiambishi hu- chaonyesha mazoea, wala si sheria. Methali haikusema kwamba kila chanda chema lazima kivikwe, wala haikusema kwamba chastahili kuvikwa. Fasiri ya shuleni yamwondoa mvishaji, na mahali pake yaweka malipo, kana kwamba pete hujijia yenyewe kama mshahara mwisho wa mwezi.

Kosa hili lingekuwa dogo kama lingekomea darasani. Halikomei hapo. Watu huishika methali kwa mkiani wakasema: chanda kisichovikwa pete si chema. Huku si kufikiri. Mvua ikinyesha ardhi hulowa, lakini ardhi iliyolowa huenda imemwagiwa ndoo ya maji. Hata hivyo maneno hayo yaliyopinduliwa ndiyo yasemwayo katika arusi, mashoga wakitazamana mikono. Bibi arusi aliyeletewa dhahabu nyingi huitwa chanda chema, na mwenziwe aliyeletewa kidogo hutazamwa kwa huruma ambayo ni mbaya kuliko matusi. Mtoto wa mvuvi wa Makunduchi, ambaye mposaji wake naye ni mvuvi, ahukumiwa hivyo kwa methali isiyosema neno hilo hata kidogo.

Lugha yetu inayo kauli ya pili iliyo dawa ya kosa hilo. Watu wapendanao husemwa kuwa ni kama chanda na pete. Hapa hakuna malipo, wala hakuna mkubwa na mdogo. Chanda hakisemwi kuwa ni chema, na pete haisemwi kuwa ni ya thamani. Kinachosifiwa ni kukaa pamoja. Tukizitia kauli mbili hizi katika mizani moja, naona ya pili ina ukweli zaidi juu ya pete, na ya kwanza hupata maana yake njema ikisomwa kwa nuru ya ya pili: chanda huvikwa na yule atakaye kukaa nacho.

Tuje sasa kwenye desturi, na kwanza kwenye vitabu ambavyo watu wa dini husoma. Farao alipomtoa Yusufu gerezani akamweka juu ya nchi yote ya Misri, alivua pete mkononi mwake akamvika Yusufu. Hicho kilikuwa chanda chema, hakuna ashindanaye. Lakini katika kitabu cha Esta mfalme Ahasuero alimpa pete yake Hamani, adui aliyetaka kuwaangamiza Wayahudi, na baadaye pete ile ile ikavikwa Mordekai. Pete moja, vyanda viwili, kimoja kibaya na kimoja chema, na mvishaji ni yule yule. Tena katika Injili ya Luka, mwana aliyetapanya mali ya baba yake na kuishi na nguruwe, aliporudi nyumbani kwa aibu, baba aliamuru avikwe pete kidoleni. Kaka yake aliyebaki nyumbani akifanya kazi hakuvikwa kitu siku ile, naye akakasirika. Kaka huyu aifasiri pete kama mwalimu wa shule afasirivyo. Baba alijua kwamba pete ni neno la mvishaji, si hesabu ya kidole.

Kwa Waislamu, nao ndio karibu watu wote wa Makunduchi, jambo hili lina upande mwingine. Yajulikana katika hadithi kwamba Mtume Muhammad alikuwa na pete ya fedha iliyochorwa jina lake, naye akiitumia kama muhuri wa barua. Na kwamba pete hiyo ilitumika na makhalifa waliomfuata hata ikamponyoka Othman kisimani, wasiipate tena. Dhahabu mwanamume amekatazwa kuivaa, imeachiwa wanawake. Kwa hiyo mzee wa Makunduchi avaaye pete, huvaa ya fedha, na kito chake mara nyingi ni akiki. Basi tukishika fasiri ya dhahabu, wanaume wote wa mji huo, na masheha wao na waalimu wao wa chuoni, hawana chanda chema hata kimoja! Fasiri iletayo upuuzi namna hii yajihukumu yenyewe.

Huenda msomaji akajibu: lakini pwani yetu ilikuwa nchi ya dhahabu hapo kale, na pete za dhahabu zenye vito zilivaliwa hapa miaka mia tano na zaidi iliyopita. Jibu hili ni la haki, wala sitalikwepa. Dhahabu ilikuwapo. Karibu na Makunduchi, huko Kizimkazi Dimbani, upo msikiti wenye maandiko ya Kikufi yaliyochongwa ukutani kwa tarehe ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107 wa Masihiya. Watu waliojenga hivyo hawakuwa maskini. Huko Unguja Ukuu, katika miaka ya 1860, zilipatikana sarafu za dhahabu, na mojawapo ni dinari ya wakati wa Harun al-Rashid, iliyopigwa karibu na mwaka 798. Na huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilichimbuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za wafalme wa Kifatimiya. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika habari za pwani hii mwanzoni mwa karne ya 16, asema kwamba wanawake wa Unguja, Pemba na Mafia walivaa hariri na mapambo mengi ya dhahabu nzuri ya Sofala.

Pete ya zamani hizo, kama ungeitia mkononi, ungeshika bahari nzima. Dhahabu yake ilitoka bara nyuma ya Sofala, katika nchi iitwayo leo Zimbabwe, ikapita mikononi mwa watu wa Kilwa. Akiki yake ilitoka Yemen au Gujarati, ambako mawe hayo yalitiwa moto ili wekundu wake uzidi, kisha yakasafirishwa kwa njia ya Khambhat. Kama kito ni yakuti, kilitoka Sarandibu, ndiyo Sri Lanka. Kama ni feruzi, kilitoka Nishapuri katika Uajemi. Kama ni lulu, wapiga mbizi wa Ghuba waliitoa chini ya maji. Fundi hakulichonga jiwe nyuso nyingi kama vito vya madukani leo. Alilisugua hata likawa laini, limevimba juu kama mgongo wa kombe, akalizungushia ukingo mwembamba wa dhahabu na kuukunja ukingo huo juu yake ili lisitoke. Nuru yake ilikuwa ya ndani, kama ya kaa la moto chini ya jivu, wala si ya kumetameta. Hili lafaa kukumbukwa na kila aendaye kununua "pete ya kale" katika maduka ya mjini: jiwe lenye nyuso nyingi za kumeta ni kazi ya karne za baadaye, na tanzanaiti, hata ikiwekwa katika pete iliyofanywa nyeusi kwa moshi, haiwezi kuwa ya kale, maana ilivumbuliwa Merelani mwaka 1967.

Basi pete hizo zi wapi? Hapa ndipo fasiri ya dhahabu inapotudhuru kwa namna nyingine. Mwaka 1502 Vasco da Gama, katika safari yake ya pili, alimlazimisha Amiri Ibrahim wa Kilwa kulipa kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Mwaka 1503 Ruy Lourenço Ravasco alishambulia majahazi ya Unguja, na kisiwa hiki nacho kikatozwa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka. Ile ya Kilwa, mithkali 1,500, yaani zaidi ya kilo 6, ilifika Lisbon ikayeyushwa, na kwa amri ya Mfalme Manuel ikafanywa chombo cha fahari cha kuwekea Sakramenti, kazi iliyomalizika mwaka 1506. Chombo hicho kipo hata leo katika jumba la makumbusho la Lisbon, na chini yake imeandikwa kwa Kireno kwamba ni dhahabu ya kodi ya Kilwa. Wakristo wenzangu watakaokiona, na wakisome hata chini. Uzuri wake hauondoi ukweli kwamba kilivikwa pasipo ridhaa ya aliyevuliwa.

Lakini si haki kuwatupia Wareno lawama yote. Dhahabu ina tabia hii: ikiisha kuyeyuka haina kumbukumbu. Sarafu, kikuku na pete huwa kitu kimoja, na kitu hicho huwa tena kikuku cha mtu mwingine. Ndiyo sababu wachimbaji wa mambo ya kale wapatapo pete na bangili katika magofu ya pwani, mara nyingi ni za shaba. Na mawe wayapatayo ni shanga za akiki zilizodondoka zikasahauliwa. Kitu cha thamani ndogo kilidumu katika mchanga kwa sababu hapana aliyekitamani. Pete ya dhahabu iliuawa na thamani yake.

Na kazi hiyo yaendelea. Katika miaka hii bei ya dhahabu imepanda sana, na haja za watu nazo ni nyingi: ada za shule, dawa, bati la nyumba. Wanawake wengi wa pwani ya mashariki hupata fedha kwa mwani, uliokwanza kulimwa huko mwaka 1989, na mwani hulipa kidogo. Basi bibi huifungua kanga yake, akatoa pete ya mama wa mama yake, akapanda gari kwenda mjini. Mazungumzo yao na sonara, kila mtu aliyewahi kukaa katika duka hilo ayajua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie hii."

"Nzuri, bibi. Lakini mimi napima dhahabu tu. Jiwe silipimi."

"Jiwe hilo ndilo alilokuwa akilipenda marehemu mama."

"Basi lichukue, bibi. Nitakung'olea."

Sonara hakosi. Biashara yake ni mizani, naye asema kweli. Jiwe hung'olewa kwa ncha ya kisu, dhahabu hupimwa kwa gramu, fedha huhesabiwa, na kabla ya jua kutua pete imekwisha kuwa tone jekundu katika chungu kidogo cha udongo. Bibi arudi Makunduchi na kito ndani ya kikaratasi, na kito hicho hupewa mtoto akichezee. Simlaumu bibi; mwenye njaa hafundishwi juu ya mambo ya kale. Namlaumu aliyemfundisha tangu utotoni kwamba pete ni dhahabu. Kama ni dhahabu, mizani ni mwamuzi wa haki, na hapana kilichopotea. Lakini kama pete ni neno la mvishaji, basi yako mambo ambayo mizani haiyapimi: ni nani aliyemvika nani, siku gani, kwa maneno gani. Haya yangeweza kuhifadhiwa hata pete ikiuzwa, nayo ndiyo tunayoyaacha yapotee bure.

Makunduchi kwenyewe yatupa mfano wa namna nyingine ya kuhifadhi. Kila mwaka, mwezi wa Julai, watu hukusanyika kwa Mwaka Kogwa. Kibanda cha makuti huchomwa moto, wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, wanawake huimba, na mwaka wa kale wa Nairuzi hufunguliwa. Wazee huinasibisha desturi hiyo na jadi yao ya Kishirazi. Msomaji aweza kudhani kwamba watu walioupokea mwaka wa Kiajemi walipokea na dhahabu ya Kiajemi, ikazikwa mahali fulani, na wako wanaopekua magofu kwa tamaa hiyo. Lakini tazama waliyoyapokeza wazee: hesabu ya siku, nyimbo, moto wa makuti na migomba iliyokatwa asubuhi ile ile. Hakuna hata kimoja kinachoweza kuyeyushwa au kuuzwa kwa uzito. Kwa hiyo kimedumu.

Hukumu yangu basi ni hii. Fasiri ya kawaida ya methali yetu ina makosa matatu. Yamfuta mvishaji, ambaye kitenzi chenyewe chamdai. Yaigeuza desturi kuwa sheria ya malipo, na kwa njia hiyo yawaaibisha wasiovikwa. Na yaitia dhahabu na kito mahali ambapo methali iliona pete yatosha. Walimu wangeweza kufundisha hivi: mtu mwema hupata apendaye kukaa naye, na pete ni alama ya upendo huo, iwe ya shaba, ya fedha au ya dhahabu. Fasiri hii haiongezi neno lisilomo, wala haimtoi mtu mwenye kidole kitupu katika hesabu ya wema.

Na wenye pete za wazee wao nawashauri mambo mawili mepesi. Kabla ya kuipeleka kwa sonara, mwambieni kijana ajuaye kuandika aandike ilikotoka: jina la aliyeivaa kwanza, aliyemvika, na kijiji. Na kito mkirudishiwa, kisitupwe. Kiwekwe pamoja na karatasi hiyo. Katika kazi ya kuhifadhi maneno, mfano mwema upo. Haji Chum alikusanya maneno ya Makunduchi katika Msamiati wa Pekee wa Kikae, uliotolewa mwaka 1994, na maneno yale yasingalikusanywa mengine yangalikufa pamoja na wasemaji wake. Pete nazo zina msamiati wao: majina ya maumbo yake, ya mawe yake, na ya vidole vinavyovikwa. Wasomaji wa Makunduchi, Kizimkazi, Jambiani na Bwejuu walio na maneno hayo, au walio na methali nyingine ya pete isiyojulikana mjini, wayaandike kama yasemwavyo kwao, bila kuyasafisha kwa Kiswahili cha vitabuni, nao wayalete katika kurasa hizi.